Kushusha na kupandisha masafa ya DRAM kwenye Linux: kuandika kiendeshi cha devfreq

DRAM, yaani kumbukumbu kuu ya kifaa, hula umeme hata pale ambapo hakuna anayeisoma. Saa ya kidhibiti inapopiga mara milioni 800 kwa sekunde, PHY (saketi inayounganisha kidhibiti na chipu za kumbukumbu), laini za data na chipu zenyewe hukaa tayari muda wote, na utayari huo una gharama. Ndiyo sababu SoC (chipu moja yenye prosesa na vidhibiti vyake) nyingi za vifaa vya betri huruhusu masafa ya kumbukumbu kushushwa kazi inapopungua. Kwenye Linux kazi hiyo hupitia devfreq, mfumo mdogo ulio kwenye saraka ya `drivers/devfreq` tangu kerneli ya 3.2. Mwongozo huu ni wa anayeandika kiendeshi kipya cha aina hiyo, au anayerithi kilichokwisha kuandikwa na kinagandisha bodi. Tunachukulia kwamba unajua kuandika kiendeshi cha kawaida cha platform, na kwamba mwongozo wa rejista wa chipu yako uko mkononi.

Kiendeshi chenyewe ni kifupi. Mistari mia tatu inatosha. Ugumu uko mahali pawili ambapo hupaoni kwa kusoma msimbo tu: namna saa inavyobadilishwa bila kupoteza hata biti moja, na namna mzigo unavyopimwa. Tutakaa hapo zaidi kuliko kwingine.

## Kinachotokea saa inapobadilishwa

CPU inaweza kubadilishiwa saa huku ikiendelea na kazi. DRAM haiwezi. Kanuni nyingi za muda ndani yake zimewekwa kwa nanosekunde, lakini kidhibiti huzihesabu kwa mipigo ya saa, hivyo saa ikibadilika hesabu hizo zote hubadilika nayo.

Chukua tRCD, yaani muda kati ya kufungua safu na kuisoma, ya nanosekunde 13.75. Kwa MHz 800 ni mipigo 11. Kwa MHz 400 ni mipigo 5.5, ambayo hukuzwa kuwa 6. Ukipanda tena hadi MHz 800 ukiwa bado na 6 kwenye rejista, kidhibiti kitaisoma safu baada ya nanosekunde 7.5, kabla haijawa tayari. tREFI, yaani muda kati ya uhuishaji mmoja na mwingine, huumiza upande wa pili. Kwa DDR3 na DDR4 ni mikrosekunde 7.8 chipu ikiwa haijazidi nyuzi 85 za Selsiasi, na nusu yake juu ya hapo. Kwa MHz 800 hiyo ni mipigo 6,240. Ukishuka hadi MHz 400 bila kuigusa rejista hiyo, uhuishaji utafanyika kila mikrosekunde 15.6, na seli zilizo dhaifu zitaanza kusahau. Kosa la tRCD kwa kawaida hujitokeza papo hapo. La tREFI linaweza kusubiri mpaka kifaa kipate joto, na ndiyo maana ni la hatari zaidi.

Mpangilio wa kazi kwa DDR3 ni huu:

1. Zuia maombi mapya yasifike kwa kidhibiti, kisha subiri yaliyo njiani yaishe.
2. Funga safu zote zilizo wazi na uamuru DRAM iingie katika hali ya kujihuisha yenyewe.
3. Badilisha chanzo cha saa. Kama unaibadilisha PLL (saketi inayotengeneza saa) yenyewe, subiri ijifunge upya. Kama una PLL mbili, andaa ya pili mapema na ugeuze swichi tu.
4. Andika rejista za muda za kidhibiti na za PHY kwa masafa mapya.
5. Itoe DRAM kwenye kujihuisha, subiri tXS (ambayo ni tRFC, muda wa uhuishaji mmoja, kuongeza nanosekunde 10), andika rejista za hali zenye CL na CWL mpya (ucheleweshaji wa kusoma na wa kuandika), weka upya DLL (saketi inayolinganisha data na saa) na usubiri mipigo 512.
6. Fanya ulinganishaji wa ZQ (ukinzani wa laini) na wa laini za data kama masafa hayo yanauhitaji, kisha fungulia maombi.

DDR3 ina mtego mwingine hapa. DLL ikiwa inafanya kazi, saa haipaswi kwenda chini ya takriban MHz 300. DLL ikizimwa, haipaswi kuzidi MHz 125. Katikati hapo hakuna masafa halali, hata kama PLL yako inaweza kuyatoa na bodi moja ya mezani ikaonekana kuyakubali.

LPDDR4 imerahisisha mambo kwa seti mbili za rejista za hali. Unaandika seti isiyotumika huku kazi ikiendelea, ukiichagua kwa biti FSP-WR ya MR13 (rejista ya hali namba 13), na wakati wa kubadili saa unageuza FSP-OP kwenye MR13 hiyohiyo. LPDDR5 ina seti tatu. Kama chipu yako ni ya aina hizi, zitumie. Kuandika rejista za hali moja moja ndani ya kipindi ambacho kila mtu amesimamishwa ni kurefusha kusimama huko bila sababu.

## Nani aguse rejista hizo

Wakati DRAM inajihuisha yenyewe, hakuna anayeweza kuisoma. Hiyo inamaanisha msimbo unaofanya kazi hiyo hauwezi kukaa ndani ya DRAM, wala rundo lake, wala data yake. Hata ukiuhamishia kwenye SRAM ya ndani ya chipu bado kuna jedwali za kurasa: TLB (akiba ya tafsiri za anwani) ikikosa ingizo, prosesa itakwenda kuzitafuta kwenye DRAM na itaganda. Kori nyingine nazo lazima zisimamishwe mahali ambapo hazitagusa kumbukumbu.

Kwa sababu hizo, kwenye ARM ya biti 64 usifanye kazi hii ndani ya kerneli. Iache kwa Trusted Firmware-A, ambayo iko kwenye SRAM na ina jedwali zake zenyewe, na uiite kwa SMC (amri ya prosesa ya kuita femwea). Chipu ya RK3399 hufanya hivyo kwa wito namba 0x82000008, na familia ya i.MX8M kwa 0xc2000004; kwenye i.MX8M kori nyingine huegeshwa kwanza kwa intarapti hadi kazi iishe. Ni kweli kwamba kuna viendeshi, hasa vya ARM ya biti 32, vinavyoendesha kipande cha msimbo kwenye SRAM kutoka ndani ya kerneli, na vinafanya kazi. Lakini kila mabadiliko ya kerneli yanayogusa jedwali za kurasa au usimamizi wa kori yanaweza kuvivunja, na hitilafu yake ni ngumu mno kuikamata.

Wito wa SMC ni bora ukae ndani ya kiendeshi cha saa, kama RK3399 ilivyofanya, ili kiendeshi cha devfreq kiione kumbukumbu kama saa ya kawaida yenye `set_rate`.

## Jedwali la OPP

OPP ni jozi ya masafa na volteji. Jozi hizo huwekwa kwenye faili ya DTS, inayoieleza kerneli vifaa vya bodi; mfano huu ni wa LPDDR4:

```
dmc_opp: opp-table {
    compatible = "operating-points-v2";
    opp-200000000 {
        opp-hz = /bits/ 64 <200000000>;
        opp-microvolt = <800000>;
    };
    opp-400000000 {
        opp-hz = /bits/ 64 <400000000>;
        opp-microvolt = <800000>;
    };
    opp-800000000 {
        opp-hz = /bits/ 64 <800000000>;
        opp-microvolt = <900000>;
        opp-suspend;
    };
};
```

Volteji inayopanda na kushuka hapa kwa kawaida ni ya kidhibiti na mantiki inayokizunguka. Volteji ya chipu za DRAM zenyewe, kwa mfano V 1.5 ya DDR3 au V 1.1 ya LPDDR4, huachwa kama ilivyo.

Hakikisha unajua namba ya `opp-hz` ni ya saa ipi. Kumbukumbu iliyoandikwa 1600 kwenye karatasi ya bidhaa ina saa ya MHz 800, kwa kuwa data hupita mara mbili kwa kila mpigo. Kwenye i.MX8M Mini tofauti ni kubwa zaidi: saa inayoonekana kwa kerneli ni robo ya kasi ya data, hivyo OPP ya MHz 750 ni kumbukumbu ya MT/s 3000 (mihamisho ya data milioni 3000 kwa sekunde), ile ya MHz 100 ni MT/s 400, na ile ya MHz 25 ni MT/s 100. Anayekosea hapa hupata kifaa kinachofanya kazi vizuri kwa nusu ya kasi yake, na huenda asigundue kwa muda mrefu.

Usijaze jedwali kwa ngazi nyingi. Ngazi mbili au tatu zinatosha. Kila ngazi ya ziada inahitaji seti yake ya rejista za muda, ulinganishaji wake na majaribio yake, ilhali faida kubwa iko kati ya ngazi ya juu na ya chini.

Ngazi ya chini ipigiwe hesabu, isikisiwe. Skrini ya 1920 kwa 1080 yenye baiti 4 kwa kila nukta na picha 60 kwa sekunde inahitaji baiti 497,664,000 kila sekunde, karibu MB 498. Kumbukumbu ya biti 32 kwa MT/s 100 inatoa MB 400 kwa sekunde kama ingefanya kazi bila kupumzika hata kidogo. Skrini hiyo haiwezi kuishi kwenye ngazi hiyo, na picha itakatika hata kama mfumo mzima umelala. Kwa MT/s 400 kuna MB 1,600, ambazo skrini inachukua chini ya theluthi yake, hapo panakalika. Ngazi ya MT/s 100 ibaki kwa wakati skrini imezimwa.

## Kiendeshi

Washa `CONFIG_PM_DEVFREQ`, `CONFIG_PM_OPP` na `CONFIG_DEVFREQ_GOV_SIMPLE_ONDEMAND`. Kitendakazi kikuu ni `target`:

```
static int dmc_target(struct device *dev,
                      unsigned long *freq, u32 flags)
{
    struct dmc *d = dev_get_drvdata(dev);
    struct dev_pm_opp *opp;
    int ret;

    opp = devfreq_recommended_opp(dev, freq, flags);
    if (IS_ERR(opp))
        return PTR_ERR(opp);
    dev_pm_opp_put(opp);

    if (*freq == clk_get_rate(d->clk))
        return 0;

    ret = dev_pm_opp_set_rate(dev, *freq);
    if (ret)
        dev_err(dev, "%lu Hz imeshindikana: %d\n",
                *freq, ret);
    return ret;
}
```

Usiruke `devfreq_recommended_opp`. Gavana, sehemu ya devfreq inayoamua masafa, huomba namba yoyote, na kitendakazi hiki huigeuza kuwa ngazi iliyopo: kwa kawaida ile ya kwanza iliyo sawa au juu ya ombi, lakini bendera `DEVFREQ_FLAG_LEAST_UPPER_BOUND` ikiwepo, ile iliyo sawa au chini yake. Bendera hiyo huwekwa pale kikomo cha juu kimebana, kwa mfano kifaa kimepata joto. Anayeipuuza atavuka kikomo cha joto.

`dev_pm_opp_set_rate` inajua mpangilio wa volteji: ukipanda, volteji hutangulia saa, ukishuka, saa hutangulia volteji. Ili iijue regulator yako (kirekebisha volteji), ita `devm_pm_opp_set_regulators` kabla ya `devm_pm_opp_of_add_table`. Lakini fikiria kinachotokea femwea ikikataa kushuka na bado ikarudisha sifuri. Saa imebaki juu, kerneli inaamini imeshuka, na volteji inapunguzwa. Ukaguzi wa kweli lazima uwe ndani ya `set_rate` ya kiendeshi cha saa: soma rejista ya PLL au jibu la femwea, na urudishe kosa kabla volteji haijaguswa. Vilevile weka `CLK_GET_RATE_NOCACHE` kwenye saa hiyo, vinginevyo `clk_get_rate` itakupa namba iliyokumbukwa na kerneli badala ya ile iliyopo kwenye chipu.

Jambo jingine la volteji ni muda wa kupanda. Kama DTS haina `regulator-ramp-delay`, kerneli inaweza kudhani volteji imefika mara tu amri ilipoandikwa. Kupanda kwa mikrovolti 100,000 kwenye regulator ya mikrovolti 12,500 kwa mikrosekunde huchukua mikrosekunde 8. Ni kidogo, lakini saa ikipandishwa ndani ya kipindi hicho, biti hupotea.

Sehemu ya `probe` inabaki hivi:

```
ret = devm_pm_opp_of_add_table(dev);
if (ret)
    return ret;

d->profile.initial_freq = clk_get_rate(d->clk);
d->profile.polling_ms = 50;
d->profile.timer = DEVFREQ_TIMER_DELAYED;
d->profile.target = dmc_target;
d->profile.get_dev_status = dmc_status;
d->gov.upthreshold = 25;
d->gov.downdifferential = 15;

d->df = devm_devfreq_add_device(dev, &d->profile,
            DEVFREQ_GOV_SIMPLE_ONDEMAND, &d->gov);
if (IS_ERR(d->df))
    return PTR_ERR(d->df);
```

Ukiona ujumbe "Couldn't update frequency transition information" kwenye dmesg, `initial_freq` haimo kwenye jedwali. Mara nyingi PLL imetoa 799999999 badala ya 800000000. Rekebisha jedwali au mviringisho wa saa; usinyamazishe ujumbe.

Kuhusu `timer`: aina ya asili, deferrable, haiamshi kori iliyolala. Hilo linafaa kwa kifaa kinachotegemea CPU, lakini kumbukumbu inatumiwa pia na skrini, kamera na kisimbuzi cha video, ambavyo huendelea kusoma huku kori zote zimelala. Kwa kipima muda hicho, ukaguzi hauji na masafa hubaki yalipokuwa. Tangu kerneli ya 5.9 kuna chaguo la delayed, na kwa kidhibiti cha DRAM ndilo tunalopendekeza.

## Kupima mzigo

`dmc_status` hujaza namba tatu: `busy_time`, `total_time` na `current_frequency`. Mbili za kwanza zinaweza kuwa mipigo, mikrosekunde au chochote, mradi zote ni za kipimo kimoja.

```
static int dmc_status(struct device *dev,
                      struct devfreq_dev_status *st)
{
    struct dmc *d = dev_get_drvdata(dev);

    writel(0, d->mon + MON_CTRL);
    st->busy_time = readl(d->mon + MON_BURST) * d->bl_clk;
    st->total_time = readl(d->mon + MON_CYCLES);
    st->current_frequency = clk_get_rate(d->clk);
    writel(MON_CLEAR | MON_ENABLE, d->mon + MON_CTRL);
    return 0;
}
```

`bl_clk` ndiyo watu wengi huisahau. Vihesabio vingi huhesabu mafungu ya data, na fungu moja hukalia laini kwa mipigo kadhaa: 4 kwa DDR3 na DDR4 zenye fungu la 8, na 8 kwa LPDDR4 yenye fungu la 16. Bila kuzidisha, mzigo wa asilimia 64 utaonekana kuwa asilimia 8, na kumbukumbu itashushwa katikati ya kazi nzito.

Kama kuna chaneli mbili, rudisha ya ile yenye shughuli zaidi. Wastani huficha chaneli moja iliyojaa kabisa. Angalia pia kufurika: kihesabio cha biti 32 kwa MHz 800 huzunguka baada ya sekunde 5.4 hivi. Kwa ukaguzi wa kila milisekunde 50 hakuna tatizo, lakini mara ya kwanza baada ya kifaa kuamka namba inaweza kuwa takataka, hivyo kifute kihesabio kwenye `resume`. Kifute pia baada ya kila badiliko la masafa, la sivyo dirisha moja litachanganya mipigo ya saa mbili tofauti.

Sasa vizingiti. Gavana `simple_ondemand` kwa asili ana `upthreshold` 90 na `downdifferential` 5. Mzigo ukizidi asilimia 90 huruka moja kwa moja hadi masafa ya juu kabisa. Ukiwa kati ya 85 na 90 habadilishi kitu. Chini ya hapo hupiga hesabu: mzigo mara masafa ya sasa, kugawanya kwa kizingiti kilichopunguzwa nusu ya tofauti. Kwa MHz 800 na mzigo wa asilimia 40 ni 0.40 × 800 × 100 / 88, yaani takriban MHz 364, na ngazi inayochaguliwa ni 400.

Namba hizo hazifai kwa DRAM. Laini za data haziwezi kukaribia asilimia 100: uhuishaji, kufungua safu mpya na kugeuka kutoka kusoma kwenda kuandika hula sehemu kubwa ya muda. Kumbukumbu iliyoelemewa na maombi yasiyo na mpangilio inaweza kuonyesha asilimia 50 huku kila anayesubiri akiteseka, na kizingiti cha 90 hakitafikiwa kamwe. Isitoshe CPU huumizwa zaidi na ucheleweshaji wa ombi moja kuliko na kujaa kwa laini. Kiendeshi cha RK3399 kinatumia 25 na 15, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa namba hizo, mzigo wa asilimia 8 kwa MHz 800 unatoa 0.08 × 800 × 100 / 18, takriban MHz 356, hivyo 400. Pale MHz 400 mzigo uleule unakuwa asilimia 16, ndani ya ukanda wa 10 hadi 25, na masafa yanatulia. Ukanda ukiwa mwembamba zaidi ya hapo, kumbukumbu itapanda na kushuka bila kikomo.

Kama huna kihesabio kabisa, tumia gavana `passive` afuate kifaa kingine, au `userspace`. Usibuni mzigo kutokana na CPU ndani ya `get_dev_status`.

## Wanaohitaji uhakika

Ukaguzi wa kila milisekunde 50 huona mzigo baada ya kutokea. Skrini haiwezi kusubiri. Kiendeshi cha skrini kinapaswa kuweka sakafu kabla ya kuwasha picha:

```
dev_pm_qos_add_request(dmc_dev, &req,
        DEV_PM_QOS_MIN_FREQUENCY, 400000);
```

Namba hii ni kHz, ilhali devfreq kwingine kote inatumia Hz. Ukiandika 400000000, umeomba sakafu ya GHz 400, na kumbukumbu itakwama kwenye ngazi ya juu kabisa bila ujumbe wowote wa kosa. Ombi liwekwe kwenye kifaa cha platform cha kidhibiti, ambacho ni mzazi wa kifaa cha devfreq. Ikiwa SoC yako ina mfumo wa interconnect, njia safi zaidi ni `icc_set_bw` kwa kiasi cha data, mfano `MBps_to_icc(498)`, ili kiendeshi cha skrini kisilazimike kujua chochote kuhusu masafa.

Bado kuna swali la zile mikrosekunde ambazo kumbukumbu imefungwa. Picha ya 1080p60 hutolewa kwa nukta milioni 148.5 kwa sekunde, sawa na MB 594 wakati mstari unachorwa. Kusimama kwa mikrosekunde 20 kunahitaji FIFO (akiba ndogo ya data ya skrini) yenye takriban KB 12. Kama FIFO ni ndogo, badilisha saa ndani ya mapumziko ya wima (kati ya picha moja na inayofuata): mistari 45 kati ya 1,125, karibu mikrosekunde 667. Pima muda wa SMC yako kwa `ktime_get` kabla ya kuamua, na chukua namba kubwa kabisa uliyoiona, usichukue wastani.

## Majaribio

Anza bila gavana mwenye akili:

```
cd /sys/class/devfreq/<jina-la-kifaa>
echo userspace > governor
cat available_frequencies
echo 400000000 > userspace/set_freq
cat cur_freq
```

Usiiamini `cur_freq` peke yake. Pima kasi ya kweli kwa tinymembench au STREAM katika kila ngazi. Kasi isiposhuka masafa yaliposhuka, femwea haikufanya kitu. Kisha endesha stressapptest kwa saa nane kwenye dirisha moja huku dirisha jingine likigeuza ngazi bila kupumzika:

```
stressapptest -s 28800 -M 256 -W

while :; do
  for f in $(cat available_frequencies); do
    echo $f > userspace/set_freq
    sleep 0.02
  done
done
```

Rudia jaribio hili skrini ikiwa imewashwa, kisha kifaa kikiwa na joto la juu kabisa linaloruhusiwa, kisha kwenye bodi zaidi ya moja. Aina ya hitilafu inaeleza chanzo:

- Mfumo ukiganda papo hapo ndani ya SMC, kuna kori au DMA (kifaa kinachosoma kumbukumbu bila CPU) iliyogusa DRAM ikiwa imefungwa.
- Biti zikiharibika wakati wa kupanda tu, shuku volteji isiyofika au rejista za muda zilizoandikwa kwa kuchelewa.
- Biti zikiharibika baada ya kukaa kwenye ngazi ya chini, hasa pakiwa na joto, angalia tREFI.
- Biti zikiharibika kwenye ngazi moja tu, ulinganishaji wa PHY wa ngazi hiyo haukuhifadhiwa.
- Masafa yakikwama juu chini ya `simple_ondemand`, soma `total_time`. Ikiwa ni sifuri gavana huchagua masafa ya juu, na maana yake kihesabio hakipati saa.

Ndipo urudishe gavana na usome `trans_stat`. Inaonyesha jedwali la mabadiliko na milisekunde zilizotumika kwenye kila ngazi; kuandika 0 humo huifuta katika kerneli za karibuni. Mabadiliko kadhaa kila sekunde kifaa kikiwa kimetulia ni dalili ya ukanda mwembamba: ongeza `downdifferential` au refusha `polling_interval`. Matukio ya `devfreq_monitor` na `devfreq_frequency` chini ya `/sys/kernel/tracing/events/devfreq` hukuonyesha kila uamuzi na mzigo uliousababisha, na yanafaa zaidi kuliko kujaza msimbo `printk`.

Umeme upimwe kwenye ingizo la bodi nzima, kwa kazi ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Kumbukumbu ikiwa polepole CPU hukaa macho muda mrefu zaidi, na jumla ya nishati inaweza kupanda ingawa laini ya DRAM peke yake inaonyesha kushuka. Hilo likitokea, ngazi ya chini inatumika mapema mno: shusha `upthreshold`.

## Kulala na kuzima

Ngazi yenye `opp-suspend` ndiyo ambayo devfreq huiweka kabla ya mfumo kulala. Ichague kwa kufuata kinachotarajiwa na femwea inapoamsha DRAM, ambacho mara nyingi ni masafa yaleyale ya kuwashia. Hali ni hiyohiyo kwa kuwasha upya bila kukata umeme: baadhi ya chipu hazirudishi kidhibiti cha DRAM kwenye hali ya mwanzo, na kipakiaji kitakuta rejista za masafa mengine. Ongeza kitendakazi cha `shutdown` kinachoita `devfreq_suspend_device`, kisha jaribu `reboot` ukianzia kila ngazi iliyo kwenye jedwali.